Asante, Mzee

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia. Mimi sijambo. Kifua kizuri, macho mazuri, usingizi ninao wa kutosha hata wa kumgawia jirani. Goti la kulia ndilo lenye maneno, lakini goti ni kama mpangaji mkorofi, ukimzoea mnaishi. Wewe je? Unakula? Usiniambie "nakula" tu, niambie unakula nini na saa ngapi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu huku bado inashika juu ya mnara wa taa tu, na goti langu na zile ngazi mia na kumi na nane hawasalimiani. Nahodha wa boti ya mizigo ameahidi kuitia barua posta kwa mkono wake. Ni mtu wa ahadi akiwa hajalewa, na leo hajalewa.

Msimu umeanza. Barabara imekatika pale pale darajani, kwa hiyo wageni wote wanakuja kwa boti, na boti zinasimama mbali kwa kuogopa mawe, hatua sitini kutoka mchangani. Kazi ya wabebaji ipo. Jana tumeshusha watu arobaini na mmoja. Kulikuwa na bwana mmoja, mwalimu wa chuo, alikataa kupanda mgongoni, akasema yeye ni mwanamume. Akashuka. Hatua ya nne akakanyaga wale viumbe wa miiba, akapiga ukelele mpaka wauza maji wakaja kuangalia. Alirudi mgongoni kwa adabu zote.

Mimi lakini, kama nilivyokwambia mwaka jana, sibebi tena. Nasimama ufukweni na filimbi, napanga nani abebwe na nani. Wenzangu bado wananiita Gati, ati mji huu hauna gati ila mimi, lakini gati lenyewe sasa limevaa viatu vikavu. Ni heshima ya umri. Usiwe na wasiwasi na mgongo wangu.

Lini unakuja? Siulizi kwa kukusukuma. Miaka miwili na miezi minne si mingi. Nimeihesabu tu kwa kuwa jioni sina kazi.

Baba yako


21 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta ofisini, nikaisoma chini ya meza kama mwanafunzi. Mimi mzima. Asubuhi nakunywa chai na mkate, mchana wali na mboga kwenye kibanda kilicho mbele ya ofisi, usiku chochote kilichobaki. Umeridhika?

Nina habari kubwa. Mkuu wangu, yule mama mwenye miwani ya kamba niliyekueleza, anataka kampuni yetu ianze kuleta wageni huko kwetu. Anasema watu wamechoka na fukwe zenye hoteli kila hatua, wanataka mahali ambapo mtu akifika ajue amefika. Kutakuwa na kijitabu cha vivutio, na mimi ndiye niliyepewa kukiandika kwa kuwa nimezaliwa huko.

Nilipokaa kuandika nikagundua nimesahau. Lile tundu la mwambani linapuliza maji yakijaa au yakitoka? Ndani ya pango mtu akae muda gani? Mahali nilipokuwa nikicheza kila siku naandika kama mtu aliyesimuliwa. Niandikie kila kitu baba, kwa maneno yako.

Kuja nitakuja. Kazi imebana tu.

Nimefurahi kuhusu filimbi. Hapa ofisini nimewaambia kwamba baba yangu anasimamia usafiri wa wageni majini. Wamekuheshimu hata kabla ya kukuona.

Binti yako


5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imelowa kona moja, maneno yote yamo. Huku ni wazima. Goti limetulia tangu nianze kulikanda kwa maji ya chumvi. Nimefurahi kusikia unakula, ingawa "chochote kilichobaki" si chakula cha mtu, ni cha paka.

Haya, shika kalamu.

Tundu tunaliita Mkoromo, na linakoroma maji yakiwa yanajaa. Yakifika nusu, bahari inaingia chini ya mwamba, inakosa pa kupita, inatokea juu kwa hasira, kwa urefu kuliko nyumba ya ghorofa. Mgeni asimame nyuma ya jiwe jeupe. Akisimama mbele yake ataoga na nguo zake, na simu yake, na hati zake za kusafiria. Andika kwa herufi kubwa, ingawa hawatasikia.

Pangoni waingie maji yakishatoka kabisa, wakae saa moja, watoke bila kusubiri kuambiwa. Mle ndani ukisema neno moja unarudishiwa matatu, na wapenzi hupenda kuitana humo. Wasivae nguo nyeupe, maana popo hawana heshima.

Kasa wanaanguliwa alfajiri kuanzia mwezi wa tano. Mgeni akae kimya, asiwamulike, wala asiwasaidie. Mama mmoja alimwonea huruma kasa mchanga akambeba hadi majini. Nikamwambia, mama, kile kijisafari cha mchangani ndicho kinachomfundisha njia ya kurudi kwao. Aliomba radhi mpaka machozi yakamtoka.

Njia ya juu ya genge ni saa mbili kwa miguu, na upepo wake unapenda kofia. Kwenye mikoko kuna ile mitumbwi ya plastiki, mtu anapiga makasia mwenyewe, anazunguka mara tatu pale pale, halafu anaelewa. Mnara una mlango mfupi kule juu. Nimeona balozi akigonga kichwa pale, na nimeona mwizi akigonga kichwa pale.

Lakini ukiniuliza mimi kivutio cha kwanza ni kipi, nitakwambia ni zile hatua sitini. Mtu anatoka mbali na vyeo vyake, halafu anapanda mgongo wa mtu asiyemjua na kumshika shingo kama mtoto mdogo. Wengine hucheka, wengine hufumba macho. Kuna bibi mmoja alinilalia begani, tulipofika pakavu akasema hajabebwa na mtu tangu mama yake afe. Andika habari za wabebaji, mwanangu. Usitusahau. Ni kazi ya mwili, lakini hatujawahi kumwangusha mtu hata mmoja.

Kikitoka niletee viwili, kimoja cha ukutani na kingine cha kumtambia rafiki yangu fundi wa injini za boti.

Baba yako, mwenye filimbi


2 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumai goti linaendelea kuwa na adabu. Mimi sijambo, ila kazi, kazi.

Hivi hapa vijitabu viwili. Mkoromo umepata ukurasa mzima, na maneno yako kuhusu jiwe jeupe nimeyaacha kama yalivyo. Mkuu alicheka sana kwa habari ya balozi.

Kuhusu wabebaji, baba, samahani. Mkuu aliona si picha nzuri, mtu kumpanda mtu mwenziwe. Aliona wageni wa siku hizi watajisikia vibaya. Ikabidi habari zenu ziondolewe. Wewe usijali, maana siku hizi hubebi.

Naandika kwa haraka. Nitakuandikia kwa kirefu nikitulia.

Binti yako


16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Huku ni salama. Afya yangu ni ile unayoijua, nami naiombea yako.

Kijitabu nimekibandika juu ya kitanda, kwenye ukuta usiovuja. Fundi wa injini amekisoma chote akatafuta kosa, hakuliona, akanuna.

Tarehe kumi na moja walikuja watu sita wa kampuni yenu kuuona mji. Mkuu wenu yule mama ni mtu mzuri, miwani yake ilidondoka mara mbili majini na mara mbili akacheka. Siku hiyo mbebaji mmoja alikuwa na jipu, nikaona nimsaidie, nikaingia majini mwenyewe. Nilimbeba dada mmoja mwenye kofia pana na miwani myeusi. Mwepesi. Nadhani hali vizuri. Nilimfikisha pakavu akaniambia, "Asante, mzee."

Nilitaka kumuuliza kama anakufahamu, lakini mtu alikuwa kazini na wakubwa wake, nikaona nisimsumbue. Wewe bila shaka unamjua. Mpe salamu zangu.

Nilidhani ungekuja nao. Labda kulikuwa na sababu. Kama ipo niandikie, na kama huwezi kuiandika, basi niandikie tu chochote.

Baba yako


24 Juni

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nimepata barua yako jana nami najibu leo, usije ukasema nimekuwa mvivu. Habari za mvua huko? Huku imenyesha wiki nzima, mtaa wetu umejaa matope, viatu vyangu vya ofisini navibeba kwenye mfuko. Nimekununulia mafuta ya kuchua goti, nitayatuma kwa nahodha.

Ni kweli wenzangu walikuja huko. Mimi nilitakiwa kwenda nao, homa ikanishika siku moja kabla, nikabaki. Nililia sana. Sasa nimepona kabisa.

Yule dada namfahamu, ni mgeni kazini. Nimemfikishia salamu zako, amefurahi.

Jitunze baba. Usiingie tena majini, waachie vijana.

Binti yako


12 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana kwa homa. Unywe maji mengi ya moto na limau, na usilale dirisha likiwa wazi hata kama ni joto. Homa ya mtu anayeishi peke yake ni mbaya, hakuna wa kukuuliza umelalaje.

Mafuta yamefika. Nashukuru. Yana harufu ya hospitali lakini yanafanya kazi.

Fundi wa injini ananisumbua. Anasema siku ile alikuwa anafunga kamba ya boti na alikuona. Amekujua tangu unatambaa, kwa hiyo anajiona ana haki. Nilimwambia mwanangu hawezi kufika mji huu akaondoka bila kuingia nyumbani kwake. Akasisitiza. Nikamwita mwongo mbele ya wabebaji wote. Hatujasemeshana tangu hapo, na jioni zimekuwa ndefu kidogo.

Niandikie ukipona vizuri.

Baba yako


30 Agosti

Mwanangu,

Sijui kama barua yangu ya Julai ilifika. Nahodha anaapa aliitia posta. Mimi mzima. Nataka kujua tu kama homa haikurudi.

Baba


9 Septemba

Baba,

Shikamoo. Hii ni shikamoo ya leo, na nyingine ni ya tarehe kumi na moja Juni ambayo sikukupa.

Barua zako zote zimefika. Sikuwa na homa. Mwenye kofia nilikuwa mimi, na wewe unajua kuwa nilikuwa mimi, nami nimekaa muda wote huu nikijidanganya kwamba pengine hukunitambua.

Nianzie mwanzo. Siku ya usaili wa kazi hii mkuu aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikasema anasimamia usafiri wa wageni majini, kama ulivyoniandikia. Hapo sikudanganya. Akauliza, "Ana boti zake?" Nikasema ndiyo. "Ngapi?" Nikasema tatu. Sijui tatu ilitoka wapi. Tangu siku hiyo boti zako zikaanza kuishi, zikapata rangi, moja ikapata injini mpya. Mkuu aliposema twende tukauone mji, baba yako atatupokea, nikasema umesafiri kwa matibabu. Nilikutia ugonjwa, baba, ili usiwepo. Na kofia niliinunua kwa ajili yako.

Nilijua utakuwa mchangani na filimbi. Nilijipangia nibebwe na mtu mwingine, nipite mbali, nisitazame. Kumbe ulikuwa wa kwanza kuingia majini. Ulikuja moja kwa moja, maji kiunoni, na ukaniona. Nilikuona ukiniona. Uso wako ukafunguka, mdomo ukaanza kutamka kitu, halafu ukautazama uso wangu, ukaufunga wako. Ukageuka ukainama. "Panda, mama. Shika shingo." Kama unavyowaambia wote.

Wenzangu wote walikuamkia. Hata yule asiyejua lugha sawasawa alitoa shikamoo yake iliyopinda. Ni mimi peke yangu ambaye sikukuamkia. Nilikaa mgongoni kwako nasikia unavyohema, nasikia goti linavyogonga. Tulipofika pakavu mkuu alikuwa anatutazama, ndipo nikasema, "Asante, mzee." Ulitikisa kichwa tu, ukarudi majini kumchukua mwingine.

Mchana tulikula chini ya turubai na nyinyi mkakaa ukutani. Ulinipa mgongo. Mwenzangu mmoja akasema yule mzee amechoka sana kwa kazi hii, wangempumzisha. Nikasema, "Kweli."

Na habari za wabebaji kwenye kijitabu nilizifuta mimi. Mkuu hakuzikataa. Hakuwahi kuziona.

Natamani ungenitukana. Maji ya moto na limau yamenishinda, baba. Nilisoma barua ile nikaiweka chini ya godoro, nikashindwa kuigusa hadi leo. Nimekuaibisha na nimejiaibisha, na kila nikikumbuka ule uso wako ukijifunga nataka ardhi inimeze. Nisamehe.

Sijui kama bado nina haki ya kuandika neno hili.

Mwanao


25 Septemba

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Haki unayo. Haifutwi kwa kofia wala kwa miwani.

Nilikujua kabla sijaifikia boti, na ulipopanda nikahakikisha. Mgongo huu ulikubeba miaka sita kabla hujakubali kutembea kama watu wengine.

Sasa na mimi nina langu. Sina filimbi. Sijawahi kuwa nayo. Msimamizi ni mtu niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, na yeye ndiye anayenipangia wageni wepesi, siku nyingine hanipi hata mmoja, nakaa ukutani na suruali kavu najifanya napumzika. Habari ya jipu nayo niliitunga. Uongo wa filimbi niliuandika mara ya kwanza ili ulale vizuri. Halafu nikauona mtamu, nikauendeleza. Siku ile niliposikia boti ni ya kampuni yenu nilimwomba msimamizi aniachie niingie wa kwanza, nipate kuuliza habari zako. Nilikuwa nimefunga chupa ya asali ya kukutumia. Nikakukuta wewe. Mwanangu, niliona haya kabla hujaona wewe. Nimelowa, nimeinama, na mwanangu anajua mimi ni bwana wa filimbi. Tuliyavuka maji yale kama wezi wawili waliokutana ndani ya nyumba ya watu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nilikulea kwa barua za uongo.

Lakini tusigawane sawa kwa sawa. Uongo wangu ulikuwa wa karatasi. Wako ulinifikia usoni. Naitwa mzee na watu thelathini kwa siku, na ni heshima. Neno hilo lilipotoka kinywani mwako likawa kofi, na sitasema haliumi, linauma mpaka leo. Na fundi nilikwenda kwake kumwomba radhi. Aliniacha nisimame mlangoni hadi nikamaliza kila neno.

Umeniomba radhi kwa siri, nami kwa siri nimeipokea. Ila hukunikana kwa siri. Ulinikana mbele ya watu watano. Usije peke yako na mafuta ya goti. Njoo na wale wale, uniite mbele yao ninavyoitwa na mwanangu. Kama huwezi, usije, tutaendelea kuandikiana habari za mvua.

Nimeandika kwa ukali. Nimeisoma tena na sikufuta kitu.

Baba


20 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Sijambo, ingawa silali vizuri. Nakuombea ulale.

Ilinichukua wiki mbili na nusu. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni nikasema kesho. Juzi tulikuwa kwenye kikao cha kupanga kuchapa kijitabu upya. Nikasema kuna ukurasa umekosekana, wa wabebaji, kisha nikasema yule mzee mliyemwona, aliyenibeba mimi, ni baba yangu mzazi. Hana boti hata moja na hakuwahi kusafiri kwa matibabu. Nilisema huku natazama meza. Nililia mbele yao, baba, kama mtoto aliyevunja sahani.

Hakuna aliyeshtuka. Mkuu alivua miwani akaifuta. Akasema, "Tulikuwa kwenye boti ile ile, dada. Mna paji la uso moja na mwendo mmoja. Nilijua kabla hujakanyaga mchanga." Wote walijua. Miezi minne wote walijua, tunakunywa chai pamoja, mimi nazungumzia boti tatu na wao wananiitikia. Nikamuuliza mbona hukusema kitu. Akasema, "Baba ni wako, si wangu."

Nilidhani nilikuwa naficha kazi yako. Kumbe nilikuwa naionyesha tabia yangu, kila siku, kwa watu wote. Sijui kama nitawahi kuwatazama usoni tena, ila nimeshindwa kuacha kazi, na nadhani nastahili kubaki pale.

Tutafika tarehe nane Novemba, wote sita. Barua hii itakuwahi, jibu lako halitaniwahi. Usijibu. Uwepo tu.

Mwanao


18 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Tumefika salama, na nimeanza kuandika kabla sijafungua begi. Goti halikuchoka? Ulipanda na kushuka ngazi za kwako mara nyingi kwa ajili yetu, chai, viti, chai tena.

Bado najiona nimesimama kwenye ile boti. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na nilipofika nilikuwa na neno moja tu. Nikaita, "Baba!" Wabebaji wanne wakageuka, kila mmoja ana binti mahali. Wewe ulikuwa umesimama majini, umetazama mnarani. Nikaita tena. Nahodha akazima injini ili nisikike, mkuu amenishika kiwiko. Mara ya tatu ndipo ulipogeuka ukasema, "Naam."

Ule upepo wenu hauna adabu, unamnyang'anya mtu sauti mdomoni. Lakini uliitika, baba, na nikakuamkia mbele ya watu wote, na ukanibeba huku nalia begani kwako nakulowesha zaidi ya bahari. Mkuu anasema hajawahi kuona abiria mwenye kelele kama mimi. Njiani kurudi walinitania mpaka tukafika, na kwa mara ya kwanza nilicheka nao bila kuogopa kitu.

Nimeandika ukurasa wa wabebaji. Jina lako la kazi, Gati, limo. Nakutumia uusome kabla haujachapwa.

Nina amani. Asante kwa kuniitikia.

Mwanao


27 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mmefika salama. Mimi mzima, goti zima, na fundi ameanza kuja tena jioni. Ukurasa nimeusoma. Ni mzuri, uuchape. Andika tu kwamba hatua ni sitini na mbili, nimezihesabu upya.

Kuna jambo jingine la kusahihisha, na hili limenikalia siku zote hizi. Uliponikumbatia pale mchangani nilitaka kukwambia, nikaona una furaha, nikaogopa. Umeandika kwamba upepo ulikunyang'anya sauti. Hakukuwa na upepo siku ile. Bahari ilikuwa imelala, hata kamba za boti zilikuwa zimelegea.

Nilikusikia mara ya kwanza. Sauti yako naijua kabla neno halijaisha. Nikageukia mnara makusudi. Nilitaka usimame pale mbele ya watu wako, unaita na mtu haitikii, uonje na wewe. Ulipoita mara ya pili sauti ilikukatika katikati, nami nikasikia raha moyoni. Mungu anisamehe, nilisikia raha kumwona mwanangu akiaibika. Ilikuwa raha ya muda mfupi sana, kisha nikajiona nilivyo. Nikageuka.

Wewe ulinikana kwa hofu. Mimi nilikukana nikiwa sina hofu ya mtu yeyote, mtu mzima, baada ya kukuandikia yale maneno makali ya kukuita uje. Wewe ulipata ujasiri wa kusema mbele ya watu watano. Mimi nimeshindwa hata kumwambia fundi. Naona haya, mwanangu. Naiambia karatasi kwa kuwa karatasi hainitazami.

Usinijibu haraka. Kasirika kwanza kama una hasira, unayo haki. Nitangoja.

Ila yale uliyoita mara ya kwanza, na yale ya mara ya pili, nisiyaache bila jibu. Naam, mwanangu. Naam.

Baba yako